Siku moja na hamira isiyo na milango

Saa 12:30 asubuhi. Jua halijapanda juu ya Uluguru, nami niko maabara hapa Morogoro, nimesimama mbele ya mizani. Napima kloridi ya amoniamu, chakula cha nitrojeni cha hamira, kidogo sana: ya kutosha milimola 1 kwa lita. Wiki iliyopita nilichukua kopo lisilo lake. Mchanganyiko wa kawaida wa kukuzia hamira huja na salfeti ya amoniamu ndani, inayotoa amoniamu zaidi ya milimola 70 kwa lita, na kwa wingi huo kila kitu huota. Siku tatu za kazi zilipotea. Sasa nasoma lebo mara mbili, kwa sauti.

Saa 2:00. Sahani za aga, jeli ya kukuzia hamira, zimeganda. Hamira ninayotumia ni jamii ileile ya maandazi, ila imeondolewa jeni zake tatu za Mep, yaani jeni za protini zote tatu za kwenye utando wa seli zinazoingiza amoniamu. Ukiiweka penye amoniamu kidogo, inakaa na njaa huku chakula kimeizunguka. Ndani yake tunapandikiza jeni moja ya mpunga, tunangoja. Ikiota, basi mpunga umeipa mlango. Jeni ya kwanza ya namna hii kutoka kwenye mmea, AMT1 ya Arabidopsis, mmea mdogo wa majaribio, ilitambuliwa mwaka 1994 kwa kuokoa hamira yenye njaa kama hii.

Saa 3:30. Nadondosha matone ya mikrolita 5, kila tone limezimuliwa mara 10 kuliko la kabla yake. Safu ya kwanza haina jeni yoyote iliyopandikizwa. Ya pili ina Mep yake yenyewe, ya tatu ina AMT1 ya mpunga, ya nne ina RhCG ya figo la binadamu. Ya tano ni ya mpunga tena, lakini nimebadilisha asidi amino moja tu, kiungo kimoja cha protini, mkiani mwake.

Kijana wa mafunzo kwa vitendo ananitazama mikono. "Dada, hii Rh ndiyo ile ya kliniki ya wajawazito?"

Ukoo ndio huohuo. Rh chanya na hasi ya kwenye kadi ya kliniki inahusu protini za chembe nyekundu za damu, na ndugu zao RhAG, RhBG na RhCG ndio wanaopitisha amonia. Figo linaitoa kwenye mkojo ili mwili uondoe asidi iliyozidi. Mwaka 2000 watafiti walionyesha kwamba RhAG na RhCG za binadamu zinaiokoa hamira hii. Kila nikifikiria kwamba figo la mtu, mzizi wa mpunga na donge la hamira wanatumia ufundi mmoja, nasisimka.

Saa 5:00. Namchorea kwenye karatasi. Amoniamu ina chaji, na utando wa seli ni mafuta, kwa hiyo haupiti. Tatizo kubwa zaidi ni potasiamu: ukubwa wake unakaribiana sana na wa amoniamu. Mlango wa ovyo ungezipitisha zote mbili.

Umbo la AmtB, protini ya bakteria ya ukoo huohuo, lilichapishwa mwaka 2004: protini tatu zimeshikana, na kila moja ina tundu lake, jembamba, lisilopenda maji, lenye asidi amino mbili za histidini zilizokaribiana. Mlangoni, amoniamu inavuliwa protoni yake, ile chembe ya hidrojeni yenye chaji, na kubaki amonia. Amonia inapita tunduni, protoni inapita njia yake, kisha zinakutana ng'ambo. Utafiti wa mwaka 2020 kwenye AmtB hiyohiyo ndio ulioonyesha njia hizo mbili. Potasiamu haina protoni ya kuvua, basi inabaki nje. Kijana akaomba abaki na karatasi.

Saa 7:15 mchana. Mama anapiga simu kutoka Ifakara.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Maji yametuama shambani, nimwage urea leo?"

Namwambia asiimwage juu ya maji mchana. Urea inageuka amoniamu, na jua likiwaka mwani hula kaboni dioksaidi ya majini, maji yanapungua asidi, amoniamu inageuka amonia na kupotelea hewani. Aifukie kwenye tope. Humo hakuna oksijeni ya kutosha kwa bakteria wanaotengeneza nitrati, na mpunga umezoea kula amoniamu yenyewe. "Na nikizidisha?" Mzizi una namna ya kujifunga, mama. Sikumweleza zaidi, salio lilikuwa linaisha.

Ningemweleza hivi: kwa Arabidopsis, amoniamu ikizidi nje, fosfeti inabandikwa kwenye asidi amino moja, threonini, mkiani mwa AMT1;1. Mkia wa mmoja ukiguswa, matundu yote matatu yanafungwa. Asidi amino niliyobadilisha kwenye safu ya tano inalingana na hiyo, na niliyoweka badala yake ina chaji hasi kama ya fosfeti.

Saa 10:30 jioni. Natoa kwenye inkubeta, kabati la joto, sahani za siku tatu zilizopita, za mpangilio uleule, na kuziinua kwenye taa. Safu ya kwanza ina ukungu mwembamba kwenye tone la kwanza tu, nitrojeni kidogo iliyomo kwenye aga. Mep imeota hadi tone la mwisho. Mpunga hadi la nne. Ile ya figo ina makoloni madogo, lakini yapo.

Kijana anainamia safu ya tano, anageuza sahani, anaigeuza tena.

"Dada, hapa hakuna kitu."

Namsogezea sahani yenye arjinini, chakula kingine cha nitrojeni, ambako hamira haihitaji tundu la amoniamu ili ipate kula. Safu ya tano imejaa, nyeupe, matone yote. Seli ziko hai, mlango umefungwa. Napiga picha sahani zote mbili.