Nimerudi, Nimekuta Ghorofa na Hofu

Kiwanja cha jirani, palipokuwa na nyumba moja na familia moja, sasa kina ghorofa sita. Cha ng'ambo kimeshazungushiwa mabati. Nikifungua dirisha la chumba nilichokulia, naangaliana na jikoni kwa mtu nisiyemjua.

Kila ninayekwenda kumsalimia, maongezi hayachelewi kufika kwenye ghorofa. Maji yanasuasua, majitaka yanafurika, magari yameziba njia. Hayo sibishani nayo: bomba lililolazwa kuhudumia nyumba chache halitatosheleza mtaa mzima wa fleti. Ila linalowanyima watu usingizi ni wizi. "Siku hizi hatujuani," wanasema, na dawa yao ni moja. Kuta zimepandishwa, mageti ya chuma hayana hata upenyo wa kuchungulia. Mwizi akishauruka ukuta wa namna hiyo, anafanya kazi yake kwa nafasi; hakuna apitaye njiani atakayemwona.

Miaka yote niliyokuwa mbali nimeishi kwenye fleti. Jengo la kwanza lilikuwa na lango moja la watu wote na korido ndefu. Mtu akija nyuma yako unamshikia mlango, maana utajuaje kama ni mpangaji au ni mwizi? Nililohamia baadaye nalo lilijaa watu, lakini kila ngazi ilikuwa na milango michache tu. Mgeni hakufika mbali kabla hajaulizwa anamtafuta nani.

Jambo hili limewahi kuchunguzwa. Mwaka 1972 msanifu majengo Oscar Newman alichapisha ulinganisho wa makazi mawili ya umma yaliyopakana huko Brooklyn, New York: Brownsville na Van Dyke. Msongamano wa watu ulilingana. Lakini Van Dyke, ambako sehemu kubwa ilikuwa maghorofa marefu yenye maingilio ya pamoja ya familia nyingi, ilikuwa na uhalifu mwingi zaidi kuliko Brownsville yenye majengo mafupi. Waliompinga wapo, wakisema ameyabebesha majengo mzigo usio wao wote, na sidhani kama walikosea. Hata hivyo, inatosha kunifanya nisiwatupie lawama wapangaji wapya kwa sababu tu ni wengi.

Kwa hiyo mwenye mabati akiitisha kikao, mimi ningemuuliza lango moja litatumiwa na familia ngapi. Sebule na roshani zitatazama barabara, au ukuta? Chini kutakuwa na maegesho ya giza, au kutakuwa na watu? Majibu yako kwenye michoro, na michoro hubadilishwa kabla zege halijamwagwa.

Jana mama mdogo alinionyesha mlango wake mpya, mbao nene na kitasa cha maana. Nikaifungua skrubu moja ya kile kibati cha kwenye fremu kinachopokea komeo. Haikuzidi urefu wa ukucha wa kidole gumba. Hapo teke moja zito linapasua fremu, kitasa kikabaki kizima kabisa. Nikamwambia fundi aweke skrubu ndefu zipite fremu zikashike ukutani, na plagi zake.

Kilichonitisha zaidi kilikuwa madirisha. Nondo zimechomelewa kote, chumba cha kulala hadi jikoni. Moto ukiwaka karibu na mlango, atatokea wapi? Nikaomba ya chumbani iwekewe bawaba na komeo la ndani lisilohitaji ufunguo.

"Huko ulikokuwa ndiko walikokufundisha uoga wa moto?" akaniuliza, kisha akampigia fundi. Anakuja Jumamosi, kwa skrubu na kwa dirisha. Ukuta nao bado anataka uongezwe kozi tatu.