Mpango wa Mji wa Amu Uanzie Vilimani Shela

Hivi karibuni nilihudhuria kikao cha wakazi kilichoitishwa ili tutoe maoni kuhusu namna mji wetu wa Lamu, ambao wenyewe tunauita Amu, utakavyojikinga na mabadiliko ya tabianchi. Ramani ya mji ilitandazwa mezani, na kwa karibu saa mbili mazungumzo yote yalihusu ukuta wa bahari: uwe na kimo gani, uanzie gati gani na uishie wapi. Mwishoni mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote alinyoosha mkono akauliza, "Wanangu, huo ukuta utazuia maji ya juu. Na yale yapitayo chini yakaingia visimani, mmeyawekea nini?" Mwenyekiti alimshukuru, akaeleza kwamba muda umekwisha. Swali lile lilibaki bila jibu, nami ninaandika haya kwa sababu naamini ndilo tulilopaswa kuulizana kabla ya mengine yote.

Sipuuzi habari ya ukuta. Ngome yetu, iliyoanza kujengwa mwaka 1813 na kumalizika mwaka 1821, ilisimama karibu na ufuo, na ardhi tunayoikanyaga leo kati yake na magati ilijazwa na watu baadaye. Kwa hivyo mbele ya mji tunatembea juu ya mahali palipokuwa pa bahari. Bamvua kubwa, yaani maji ya bahari yanapojaa kupita kawaida, linapokutana na mvua ya masika, mifereji inayoteremka kutoka mitaani haina pa kumwaga maji yake, nayo maji hayo hurudi vichochoroni. Wanasayansi wamepima kwamba usawa wa bahari duniani ulipanda kwa kiasi cha sentimita 20 kati ya mwaka 1901 na 2018, na kwamba kati ya mwaka 2006 na 2018 kasi yake ilifikia takriban milimita 3.7 kwa mwaka. Katika mji ambao maji makubwa tayari hufika ukingoni mwa magati, kila sentimita ina uzito wake. Kuta za mawe ya matumbawe nazo hunyonya chumvi kutoka chini, na pale ambapo chokaa iliyokuwa ikiruhusu ukuta kupumua imefunikwa kwa saruji, unyevu hukwama ndani na jiwe huanza kumomonyoka. Haya yote yanastahili fedha na mafundi.

Hata hivyo, mji huu hunywa maji ya Shela, kijiji jirani kilicho kusini mwetu. Vilima vya mchanga vinavyofuata ufuo wa kilomita 12 kutoka Shela kuelekea Kipungani ndivyo birika letu kubwa, ingawa mgeni anayevipanda kutazama machweo huona mchanga mtupu. Mvua ikinyesha pale haitiririki. Huzama papo hapo, ikashuka taratibu hadi ikutane na maji ya bahari yaliyojipenyeza chini ya kisiwa. Kwa kuwa maji matamu, ambayo wazee huyaita maji ya pepo, ni mepesi kuliko ya chumvi, huelea juu yake kama mafuta juu ya mchuzi. Kanuni inayojulikana na wataalamu wa maji ya ardhini ni kwamba, mahali pa namna hii, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia takriban mita 40 chini yake. Kanuni hiyo inatisha ukiigeuza: teremsha maji ya juu kwa mita moja kwa kupampu kupita kiasi, na kadiri siku zinavyokwenda chumvi itapanda kwa mita 40. Bahari ikipanda huku mvua zikichelewa, birika hili hubanwa kutoka chini na kunyimwa kutoka juu kwa wakati mmoja. Ukuta wa bahari, hata uwe mrefu kama mnara wa msikiti, haugusi jambo hilo.

Anayedhani haya ni mawazo ya vitabuni avuke mkono wa bahari aende Takwa, katika kisiwa cha Manda. Mji ule ulikuwa na msikiti wa Ijumaa, nyumba za mawe na ukuta wa kuuzunguka, lakini uliachwa katika karne ya 17, na miongoni mwa sababu zinazotajwa na watafiti ni kwamba visima vyake viligeuka kuwa vya chumvi. Wenyeji wake walivuka wakahamia Shela. Hadi zama zetu watu wa Shela wameshika desturi ya kwenda Takwa, penye kaburi lenye mnara, kuomba mvua. Sijui pwani hii mahali pengine ambapo kumbukumbu ya kukosa maji imehifadhiwa kwa dua namna hiyo. Upande wetu wa kisiwa nako, simulizi za wazee hueleza kwamba mji wa kale wa Hidabu ulifunikwa na mchanga. Mchanga huohuo unaweza kuzika mji na unaweza kuuhifadhi, kutegemea kama umeshikwa na majani na vichaka au umeachwa wazi upeperushwe na upepo wa kusi.

Tishio la leo, kwa hivyo, halitoki baharini peke yake. Nyumba kubwa zimekuwa zikisogea kuelekea vilimani, baadhi zikiwa na mabwawa ya kuogelea. Kila sakafu inayomwagwa huko huziba sehemu ya mchanga iliyokuwa ikipokea mvua, na kila shimo la choo huongeza hatari ya uchafu kufikia maji ya kunywa. Visima vingi vya ndani ya mji vilikwisha kupotea kwa njia hiyo. Kisima cha nyumbani kwetu Mkomani marehemu bibi yangu alikiita cha kuoshea tu, na sisi wajukuu tulikua tukidhani ndivyo kilivyoumbwa.

Sheria za kutusaidia zipo. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 inazitaka kaunti ziingize suala hili katika mipango yao ya maendeleo, na kamati za wadi zimeundwa ili wananchi wapendekeze miradi. Huduma ya maji imo mikononi mwa kaunti tangu Katiba ya mwaka 2010. Ninachokitaka kiandikwe ni kidogo na kinapimika: mpaka wa vilima uwekewe mawe yanayoonekana na kila mtu, chumvi ya visima vya Shela ipimwe kila mwezi na matokeo yabandikwe mahali pa wazi, na hakuna kiwanja kitakachoidhinishwa ndani ya mpaka huo, awe mwombaji ni mgeni au ni ndugu yetu. Wapo wanaotegemea mitambo ya kuondoa chumvi. Naikubali kama msaada wa wakati wa ukame, lakini mtambo unataka umeme, vipuri na fundi kila siku, ilhali kilima hakitaki chochote isipokuwa kuachwa. Ningependa pia tujifunze kwa ndugu zetu wa visiwa vya kaskazini na Kiunga, ambao kwa vizazi vingi wamevuna mvua kwa majabia, yaani mabirika ya kukusanyia maji ya mvua. Mapaa ya mji wetu ni mengi, na mvua ya masika hupotea mifereji ikiwa imejaa.

Mikoko nayo isisahauliwe, kwa kuwa kaunti hii ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, nayo ndiyo inayolinda mgongo wa kisiwa kuanzia Matondoni. Serikali iliposimamisha ukataji mwaka 2018, wakataji wa boriti walipoteza riziki ghafla, na naona ilikuwa kosa kuwafanya walinzi wa asili wa msitu waonekane maadui wake. Mpango wowote wa kupanda na kuvuna kwa zamu uwaweke wao mbele, kwani wao ndio wajuao wapi mkandaa, aina mojawapo ya mikoko, humea tena na wapi haumei.

Ramani tuliyotandaziwa siku ile iliishia kusini mwa mtaa wa Langoni, na Shela yote ilikuwa nje ya karatasi. Nimeandika barua kuomba kwamba ya kikao kijacho ifike hadi Kipungani, na kwamba yule mzee aitwe kwanza, kabla ya ukuta kutajwa.