Laptopu ya Kioo Kibovu

Simu ya Mama ilitumbukia kwenye ndoo ya maji siku tunafua, Septemba 2021, ikaondoka na picha za Baba za mwaka wake wa mwisho. Zilinusurika saba tu, zile Mama alizokuwa amenitumia WhatsApp. Nikamwahidi Mama kwamba nitatafuta kompyuta ya kukaa nyumbani, iwake usiku na mchana, itunze picha zetu sote.

Kwanza niliipenda Raspberry Pi 4, kompyuta ya ukubwa wa kiganja, kwa udogo wake. Lakini kwa kawaida huendeshwa na memori kadi, na kwetu Mbagala umeme hukatika ghafla. Kadi ikikatiwa umeme katikati ya kuandika, inaweza kuharibika. Nikageukia kompyuta za mezani za mtumba, hesabu ikanizuia. Mashine ya wati 40 isiyozimwa humaliza karibu uniti 29 za umeme kwa mwezi, na sisi tulikuwa kwenye bei nafuu ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Ingetutoa huko, na anayenunua umeme wa LUKU ni Mama.

Novemba nikaenda Kariakoo. Kijana wa duka akaniwekea mezani laptopu ya mtumba, ThinkPad T430, vitufe viwili vimefutika, kioo kina ufa kuanzia kona hadi katikati.

"Kaka, hii nitakupunguzia, kioo chake kibovu."

Kioo sikukihitaji hata kidogo. Nilimwomba aiwashe, nikachomoa chaja, tukaitazama. Dakika 10. Dakika 20, akaniletea kiti. Dakika 40 ilikuwa bado inawaka, nami nikatoa pesa. Betri ile ndiyo iliyokuwa UPS yangu, yaani umeme wa akiba. Tena sehemu yake ya DVD huchomoka, pale pakaingia diski ya pili. Kioo kikizimwa inakula wati 10 hivi: uniti 7 na kidogo kwa mwezi.

Nikaweka Debian 11, mfumo endeshi wa bure, na kuirekebisha isilale ikifunikwa. Rafiki zangu walinisisitizia Nextcloud, ya kuhifadhi mafaili kwenye mashine yako mwenyewe. Ni programu nzuri, ila inataka hifadhidata na seva ya wavuti, vitu vya kuhudumiwa mara kwa mara, na mimi nilikuwa na kazi ya picha tu. Nikachagua Syncthing, programu ya kulinganisha mafaili kati ya vifaa: simu ya Mama ikishika Wi-Fi ya nyumbani, picha zinahamia zenyewe. Tatizo, ukifuta kwenye simu inafuta na huku! Mama hufuta kila simu ikijaa. Kwa hiyo kila saa nane usiku rsync, programu ya kunakili mafaili, hunakili vyote kwenye diski ya pili, bila kufuta kitu.

Haikupita wiki, umeme ukakatika tukiwa tunakula. Ruta ikazimika. Chini ya kabati la vyombo, kitaa kidogo cha laptopu kikabaki kinawaka.

"Na picha zangu?" Mama akauliza gizani.

"Zipo, Mama."

Akaja akapapasa hadi chini ya kabati, akaweka kiganja juu ya mfuniko.

"Ina joto," akasema, akaenda kutafuta mshumaa.