Presha ya nini

Bado naisikia. Tumekaa barazani kwa mama siku ya Idi, sinia la pilau katikati, shemeji mwalimu ananiuliza mbona umekonda hivo, nikamwambia silali shem, ikifika saa nane usiku macho makavu, moyo unaenda mbio. Akasema, tena kwa upole kabisa, "Aah shemeji, wewe si umejiajiri bwana, huna bosi wa kukufokea, presha ya nini?"

Presha ya nini! Toka shule zifungwe 17 Machi 2020 kwa ajili ya korona yeye yuko nyumbani na mshahara unaingia, wala simwonei wivu, ana watoto. Ila mi fundi cherehani, nakula kwa sare. Mashati meupe na sketi za bluu ndo zinalipa kodi ya fremu, sasa mtoto asiyeenda shule atashonewa sare ya nini? Nikategemea Idi initoe, watu wamevaa za mwaka jana. Barakoa za kitenge nimeshona, lakini kila mwenye cherehani hapa Mtwara anashona barakoa. Hatujafungiwa ndani kama nchi za wenzetu, fremu unafungua, unakaa unaangalia barabara mpaka magharibi, halafu kikoba wanataka rejesho. Nani nimlalamikie? Nilimjibu "kweli shem" basi, mazungumzo yakahamia kwenye bei ya nyama.

Wiki hii tumezika babu kule Nanguruwe, Form Six wamerudi shule tarehe 1 Juni, mdogo wangu kajifungua salama pale hospitali ya Ligula, na kote huko msibani, wodini, nasikia presha ya nini, presha ya nini.

Jana sasa mama Zuwena wa chapati, hapo jirani na fremu, akaniangalia tu akasema, "We nawe hupati usingizi, eeh? Mi saa nane niko macho nahesabu unga." Wallahi nililia pale pale, tukakaa kwenye benchi lake mpaka chapati zikapoa, ananiambia ya kwake namwambia ya kwangu. Tukakubaliana anayeamka usiku ambip mwenzake. Usiku nikambip, akabip, na nikalala mpaka adhana ya alfajiri! Sijui lini mara ya mwisho nimelala hivo.

Ila asubuhi baba kapiga simu kutoka Tandahimba, mikorosho imeanza kuchipua, hela ya kibarua hana, anasema dawa ya salfa atapuliza mwenyewe. Na kifua kile.