Wifi na mimi tumepatana

Tumepatana. Baada ya miezi minane ya salamu za kutikisa kichwa, tangu tulipokosana kwenye arusi, Jumanne usiku wifi alinipigia simu akacheka kama zamani. Ilitakiwa nilale fofofo. Leo Jumamosi, bado nakesha.

Kinachoniuma ni kilichotupatanisha. Picha ya yule binti wa sauti ya kwanza ilirushwa kwenye kundi la kwaya, amekaa na mume wa mtu. Aliyeanza kusema sijui ni nani. Nilipofungua simu, jumbe zilikuwa zimepita thelathini, na ya mwisho ni ya wifi: "Aibu tupu." Nami nikaandika, "Aibu tupu." Hata neno langu mwenyewe sikutafuta.

Dakika tano hazijapita, simu ikaita.

"Wifi yangu, kumbe tuko pamoja!"

"Tuko pamoja, wifi."

"Nilidhani utamtetea."

"Nimtetee kwa lipi?"

Nimtetee kwa lipi. Naosha vyombo, nalisikia. Napiga magoti kusali, nalisikia. Binti huyohuyo alimbeba mwanangu ibada nzima siku niliyoishiwa nguvu kanisani. Kwa lipi, eti.

Kazini wamepunguza watu wanne na baba kafanyiwa upasuaji wa jicho, lakini mimi niko na maneno matatu tu.

Kuna mwanafikra mmoja, René Girard, Mfaransa aliyezaliwa Avignon 1923, akafundisha Marekani miaka mingi, akafariki 2015. Anasema hata kutamani tunaigana, na wanaotamani kitu kimoja hugombana. Ugomvi ukishaenea, anatafutwa mmoja wa kubebeshwa yote. Akishatolewa, watu wanapumua. Wanapatana kwelikweli, na hapo ndipo ninapoogopa. Luka 23:12 imeandika wazi kwamba Herode na Pilato, waliokuwa maadui, walikuwa marafiki siku ileile Yesu alipopelekwa huku na huku kati yao. Nimeusoma mstari huo tangu utotoni nikidhani ni habari ya wanasiasa.

Nilipokuwa nikisoma habari za jiwe la kwanza katika Yohana 8, pale mwanamke aliyefumaniwa katika uzinzi alipoletwa kwa Yesu, nilifikiria wale wanaompiga mwizi barabarani huku wengine wakirekodi. Jiwe la kwanza ndilo zito, anasema Girard, kwa sababu anayelirusha hana wa kumwiga. Langu lilikuwa la thelathini na kitu, jepesi, halikunichosha hata mkono. Katika Walawi 16, Haruni alimwekea mbuzi wa kubebeshwa dhambi za watu mikono yote miwili kichwani. Mimi kidole gumba kimenitosha.

Na yule mama wa Yohana 8 haikusemwa kuwa amesingiziwa. Hilo silipiti haraka tena.

Alhamisi nikampigia binti. Akapokea. Kabla sijafungua kinywa akauliza, "Dada, kifua cha mtoto kimepoa?" Nililia kwanza, ndipo nikaomba msamaha. Akanyamaza, nikasikia bomba la maji likifungwa upande wake, kisha akasema, "Nimekusikia, dada." Tangu hapo moyo umekuwa mwepesi kidogo, hata jana niliimba jikoni.

Wifi sijamwambia. Kesho tunakaa benchi moja.

Baba naye usiku analifikicha jicho akiwa usingizini. Daktari kakataza kabisa lisiguswe. Nimemvalisha soksi mikononi, asubuhi nikaikuta moja sakafuni.