Majina saba kwenye daftari: kutoka Arusha mjini hadi ukingo wa Ngurdoto na Ziwa Duluti

Tulitoka Arusha mjini saa kumi na moja na robo alfajiri, mwezi Januari, na kwenye daftari tulikuwa na majina saba tu ya ndege. Hifadhi ya Taifa ya Arusha ina ndege wengi mno kwa siku moja, na anayeingia akitaka kuwaona wote hurudi na picha za twiga. Ndege wa msituni kila mmoja ana saa yake, tabaka lake la miti na mwinuko wake. Ndiyo maana orodha yetu ilipangwa kwa saa, si kwa alfabeti: shorobo wa Hartlaub (Tauraco hartlaubi) na hondohondo mkubwa (Bycanistes brevis) kwa asubuhi ya mapema, trogoni wawili (Apaloderma narina na Apaloderma vittatum) jua likishapanda kidogo, tai mla kima (Stephanoaetus coronatus) kuanzia saa nne, kindege wa chini ya vichaka Pogonocichla stellata wakati wa kutembea na askari, na zuwakulu mwenye sikio jeupe (Stactolaema leucotis) jioni huko Duluti.

Kazi yenyewe ilianza jana yake. Malipo ya hifadhi hayapokelewi kwa noti pale getini. Unapewa namba ya malipo, yaani control number, na kulipa kwa benki au kwa simu. Ukiiacha hadi alfajiri, mtandao ukasumbua, utakaa getini ukiwasikia shorobo kwa mbali huku saa nzuri ikipita. Tulilipa mchana wa jana yake, tukachapisha risiti. Askari wa kutembea naye tulimwomba siku hiyo hiyo, kwa sababu wanaoenda kwa miguu kwenye maporomoko ya Tululusia ni wengi na askari hawalingani nao kwa idadi. Chakula kilikuwa maandazi, mayai ya kuchemsha, ndizi mbivu, chupa ya chai, na maji lita mbili kwa kila mtu. Vyote tulivitia kwenye vikapu, maana mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Nguo ziwe za kijani kilichofifia au za udongo. Zile za mabaka ya kijeshi, ambazo watazamaji kutoka nje hupenda kuja nazo, haziruhusiwi kwa raia hapa kwetu. Mgeni wako mwambie mapema, kabla hajafunga begi.

Barabara ni ya njia nne hadi Tengeru, baada ya hapo inabana. Jumatano na Jumamosi ni siku za soko la Tengeru, na asubuhi hiyo pikipiki, mikokoteni na malori ya ndizi hujaa barabarani. Sisi tulichagua Alhamisi. Usa River unakata kushoto kuelekea lango la Ngongongare. Mwendo wote hauzidi saa moja, ukiheshimu vibao vya hamsini vijijini. Trafiki wa njia ile huamka mapema kuliko ndege.

Ukiingia tu unakutana na uwanda wa Serengeti Ndogo, wenye twiga, pundamilia na nyati. Ni pazuri, nasi tulipapita bila kuzima gari. Jua la Januari huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu, na kuanzia hapo una kama saa mbili na nusu za sauti. Dakika ishirini za twiga ni dakika ishirini za shorobo zilizopotea. Njia ya kulia inapanda Ngurdoto, msitu unafunga pande zote mbili, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Utaratibu wetu ulikuwa huu: gari linasimama kwenye kona yenye mwanya wa kuona vilele vya miti, injini inazimwa, watu wanakaa kimya dakika kumi kabla ya mtu yeyote kuinua darubini. Mlio wa injini hufunika sauti za chini, na trogoni huanza kwa sauti ya chini. Gari la paa la kufunguka lina faida na hasara. Unaona juu vizuri, lakini mtu mmoja akihama mguu, darubini zote zinatikisika. Kila mtu aegemeze viwiko kwenye ukingo wa paa, na anayetaka kupanda kiti aseme kwanza.

Darubini za msituni ni 8x42, yaani za kukuza mara nane zenye lenzi za mbele za milimita 42, na hili nalishikilia hata mbele ya wenye za 10x42. Gawanya 42 kwa 8 upate kipenyo cha mwanga wa milimita 5.25 unaoingia jichoni. Ukigawanya kwa 10 unapata 4.2. Chini ya miti saa moja asubuhi, tofauti hiyo ndiyo inayokuonyesha rangi au kukuachia kivuli. Tena za 8 huwa na uwanja mpana zaidi, hivyo ndege akiruka tawi moja hadi jingine unampata upesi. Zitoe begini mapema zizoee ubaridi, la sivyo vioo vitakuwa na ukungu pale utakapovihitaji, na ukivifuta kwa shati utavikwaruza.

Shorobo alijitambulisha kwa sauti kabla ya kuonekana, mlio wa kukwaruza, “kaa, kaa, kaa,” ukijibiwa kutoka upande wa pili wa bonde. Usimtafute kwa kufuata sauti moja kwa moja, kwa kuwa majani yanaitawanya. Tafuta tawi nene linalotikisika bila upepo. Shorobo huruka kwa uzito, lakini juu ya matawi hukimbia kama kindi. Alama za uhakika ni doa jeupe mbele ya jicho na mstari mweupe chini yake. Akiruka, mbawa hufunguka nyekundu kabisa. Wekundu huo unatokana na rangi iitwayo turasini, ambayo ndani yake mna shaba, na ndege wa ukoo huu ndio pekee wanaojulikana kuwa nayo.

Hondohondo hana haja ya kutafutwa, anahitaji mti wenye matunda. Kwa hiyo tulikuwa tukitazama chini zaidi kuliko juu: tini zilizomegwa na kuangushwa barabarani zikiwa bado na utomvu zinakuambia kwamba juu kuna watu wanakula, iwe ni mbega, kima au hondohondo. Tulisubiri chini ya mti mmoja wa namna hiyo kama nusu saa. Walikuja wawili, na kelele za mbawa zao zilitangulia. Hondohondo hawana manyoya ya kufunika mashina ya manyoya makubwa upande wa chini wa bawa, ndiyo maana hewa hupita kwa mvumo. Kuna mwenzake mdogo, Bycanistes bucinator, anayelia kama mtoto mchanga. Wakiwa angani tazama bawa: brevis ana bawa jeusi tupu na mgongo mweupe sehemu ya chini, bucinator ana ukingo mweupe nyuma ya bawa.

Trogoni ndio walioamua ugumu wa siku. Hawa ni ndege wa kukaa. Anaweza kutulia tawi moja muda mrefu akiwa amekupa mgongo, na mgongo wake ni wa kijani kama majani yaliyomzunguka. Wengi humkosa akiwa mita chache tu kutoka garini, kwa sababu wanatafuta tumbo jekundu. Tafuta umbo badala ya rangi: mkia mrefu ulionyooka kwenda chini, mabega mapana, kichwa kisicho na shingo. Kagua matawi ya tabaka la kati yaliyo wazi chini ya mwavuli wa miti mikubwa, polepole, kutoka kushoto kwenda kulia, kisha rudia. Darubini inakuja mwisho, macho yanatangulia.

Kuwatofautisha ni kazi ya mkia. Narina ana mkia mweupe upande wa chini, usio na mistari. Vittatum ana mkia wenye mistari myembamba ya weusi na weupe, na dume lake lina kichwa cheusi zaidi chenye madoa ya ngozi ya manjano karibu na jicho, wakati ya narina ni ya kijani-buluu. Vittatum hupenda mwinuko wa juu, kwa hiyo tulianza kumtafuta tulipokaribia ukingo, na alipatikana kwenye mteremko wenye kivuli, dume, mkia wazi kabisa. Narina tulimsikia tu: milio ya chini, miwili miwili, upande wa bonde. Kwenye daftari aliandikwa “amesikika”. Mtu mmoja alitaka kumwandika “ameonekana” kwa sababu ya kitu cha kijani kilichopita. Kitu cha kijani hakiandikwi.

Hapa ndipo hamu ya kupiga sauti ya ndege kwenye simu inapomshika kila mtu. Hatukuipiga. Dume akisikia sauti ya mpinzani huacha kula na kulinda kiota ili aje kupigana na spika, na njia ile inapitwa na magari kila siku. Kila gari likifanya mara moja tu, ndege yule hana siku ya kupumzika. Sauti za kwenye simu zisikilizwe nyumbani, usiku wa kuamkia safari, kwa visikizio.

Saa nne tulikuwa juu ya ukingo wa kreta, kwenye kituo kinachoruhusiwa kushuka. Kreta ya Ngurdoto ina upana wa kilomita tatu hivi, na kuteremka ndani hakuruhusiwi. Ni uwanja mzuri wa tai. Jua likipasha miteremko, hewa ya moto hupanda, na Stephanoaetus hupanda nayo, akipaa na kushuka juu ya msitu huku akipiga kelele. Ukifika saa moja asubuhi utaona ukungu tu. Nyani na kima wakianza kupiga kelele za hofu, inua kichwa kabla hujauliza. Mbawa zake ni fupi na pana, zenye mistari mizito chini, na mkia ni mrefu. Alipita mara moja, kwa mbali, akatosha.

Maziwa ya Momella tuliyapitia kwa haraka. Heroe wapo, na kwa mtu mwenye orodha ya msitu ni mtego wa saa mbili.

Getini Momella tulimchukua afande mwenye bunduki. Bunduki si mapambo, nyati wa pale hulala vichakani hatua chache kutoka njiani. Anayetangulia njiani ni afande, na anayeona ndege humgusa mwenzake begani badala ya kuita. Pogonocichla anakaa chini, kivulini, na huonekana zaidi siafu wakiwa safarini, kwa kuwa wadudu wanaowakimbia huwa chakula chake. Kichwa chake ni cha kijivu-buluu, tumbo la manjano, na ana madoa meupe mbele ya macho na kooni. Tulipoona safu ya siafu ikikatiza njia tulirudi nyuma mita kumi, tukaingiza suruali ndani ya soksi, tukangoja. Kusimama karibu zaidi ni kuumwa wewe na kumfukuza yeye.

Saa nane msitu ulinyamaza, nasi tukashuka Duluti, msitu mdogo unaozunguka ziwa la kreta karibu na Tengeru, chini ya wakala wa misitu, TFS. Hapa unatembea bila askari. Zuwakulu wenye sikio jeupe hukaa kwa vikundi kwenye miti mikavu iliyotobolewa, kwa hiyo tuliacha miti mibichi na kukagua vigogo vilivyokufa kando ya maji. Walikuwapo kabla ya saa kumi na moja. Kwenye matete kulikuwa na mnana wa dhahabu wa Taveta, Ploceus castaneiceps, ambaye hakuwa kwenye orodha na ambaye nje ya kusini-mashariki mwa Kenya na kaskazini-mashariki mwa Tanzania hapatikani kiasili. Aliandikwa ukurasa wa pili.

Kumbukumbu tuliziingiza eBird, hifadhi ya mtandaoni ya orodha za watazamaji wa ndege, kabla ya kurudi barabarani, Ngurdoto, Momella na Duluti kila mahali orodha yake, pamoja na saa na umbali uliotembewa. Ukiziunganisha kuwa orodha moja ya “Arusha”, vittatum wa ukingoni na mnana wa matete wanaonekana kama majirani, na anayepanga safari yake kwa kutumia orodha hiyo atamtafuta trogoni ziwani.