Kupanga nyumba kijijini mpakani: uliza ya ardhi kabla ya bei

Mwalimu anayepelekwa shule ya kijijini karibu na Mutukula, upande wa Uganda wa mpaka na Tanzania, hupewa barua ya kazi, ratiba ya vipindi na, mara nyingi, taarifa kwamba nyumba za walimu zimejaa au hazipo kabisa. Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini uanze mwaka 2020 na kukifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika madarasa mawili ya mwanzo, walimu wa somo hilo tumekuwa tukitafutwa hadi huku mwisho wa nchi, na kila anayekuja huniuliza swali lile lile: chumba ni shilingi ngapi? Jibu langu ni kwamba bei ndilo jambo rahisi kuliko yote, na linafaa kuulizwa mwisho. Katika kijiji cha mpakani, kabla hujagusa hata kitasa cha mlango, unapaswa kujua nyumba iko upande gani wa mpaka, imesimama juu ya ardhi ya nani, na ni nani kijijini atakayesema kwamba anakujua.

Mutukula penyewe nitapapita haraka, ingawa wageni wengi hudhani ndipo pa kukaa. Ni senta ya biashara iliyo mwisho wa barabara ya lami itokayo Masaka kupitia Kyotera, na kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa na Rais Museveni na Rais Magufuli mwezi Novemba 2017, kinapitisha malori yaelekeayo pande zote mbili. Vyumba vya kupanga vipo, vile vya mstari mmoja tunavyoviita mizigo, kila kimoja na mlango wake unaotazama ua wa wote. Lakini wapangaji wake ni madereva na utingo wao, mawakala wa forodha na wabadilisha fedha, watu ambao usiku kwao ni saa za kazi, na pango lake hupangwa kwa kuwatazama wao. Mwenye madaftari ya kusahihisha atapata nafuu akisogea pembeni, kwenye vijiji vya migomba na kahawa, na ni vijiji hivyo ninavyovizungumzia.

Mpaka wa hapa haufuati mto wala mlima. Waingereza na Wajerumani walipogawana maeneo mwaka 1890 walichukua mstari wa digrii moja kusini mwa ikweta, ukapita moja kwa moja katikati ya mashamba na koo za watu bila kuuliza mtu. Ndiyo maana utakuta familia yenye maharage Uganda na ng'ombe Tanzania, na nyumba ambazo mgeni hawezi kujua ziko nchi gani kwa kuzitazama tu. Jambo hili si la mzaha kwa mpangaji. Upande wa Tanzania ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na kijiji kina mamlaka yake juu ya ardhi ya kijiji. Upande wetu wa Uganda, kwa kuwa tuko Buganda, unaingia katika mailo na kibanja, na hapo ndipo wageni wengi hupotea.

Ardhi ya mailo ilitokana na Mapatano ya Buganda ya mwaka 1900, na mwenye hati yake anaweza kuwa anaishi Masaka au Kampala na asifike kijijini hata mara moja kwa mwaka. Anayelima, kujenga na kukupangisha ni mwenye kibanja, ambaye kisheria ni mkaaji halali juu ya ardhi ya mwenzake na humlipa busuulu, yaani ada ya ardhi ya kila mwaka. Watu hawa wawili wakielewana, mpangaji hana habari. Wasipoelewana, mpangaji ndiye anayegongewa mlango. Mwenzangu mmoja, mwalimu wa hisabati, alimlipa pango la muhula mzima kijana aliyejitambulisha kuwa msimamizi, kisha dada wa kijana huyo akaja kutoka Masaka na karatasi za urithi zinazoonyesha kwamba msimamizi ni yeye. Hakuna aliyemfukuza mwalimu, maana watu wa hapa ni waungwana, lakini hakuna pia aliyemrudishia fedha. Kwa hiyo uliza maswali mawili, kibanja ni cha nani na ardhi ni ya nani, na usimuulize mwenye nyumba peke yake. Waulize majirani wawili kwa nyakati tofauti, na umuulize mwenyekiti.

Mwenyekiti ninayemtaja ni wa LC1, ngazi ya chini kabisa ya utawala, iliyotokana na zile kamati za upinzani (Resistance Councils) za harakati za Museveni zilizoenea nchi nzima baada ya mwaka 1986. Mjini unaweza kupanga chumba na usimjue mwenyekiti wako mpaka siku unapohitaji barua ya pasipoti. Kijijini mpakani, kupanga kunaanzia kwake. Atataka barua ya mwenyekiti wa kijiji ulichotoka, atatazama kitambulisho chako cha taifa mbele na nyuma, kisha atakuandika katika daftari la wakazi. Wa kwetu huuweka mhuri wake ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya kopo la biskuti, na kopo juu ya kabati lenye kufuli. Wino ukiwa umekauka, huupulizia mhuri pumzi ya moto mara kadhaa, huubonyeza kwa uzito wa mwili wote, kisha huiinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha kuona kama jina la kijiji linasomeka. Lisiposomeka, anarudia. Nimewahi kumsikia akimwambia kijana mmoja aliyekuwa na haraka, "Mwanangu, siku askari watakapokuuliza wewe ni wa wapi, hawatauliza sura yako, watauliza mhuri huu." Anatoza kiasi kidogo kwa barua hiyo, nami hulipa bila kunung'unika, ingawa hapo sisemi kwa niaba ya walimu wenzangu.

Tahadhari yake ina sababu za zamani kuliko magendo. Wazee wa eneo hili wanakumbuka kwamba mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka kuingia Kagera, na kwamba Januari 1979 majeshi ya Tanzania yaliiteka Mutukula na majengo yake yakabomolewa kwa tingatinga. Usitegemee basi kupata nyumba ya kizamani yenye kuta nene upande huu wa mpaka. Kilichopo kimejengwa baadaye, na wenye kukijenga wanamtazama mgeni kwa makini. Tena kwa wazee wengi wa Uganda Kiswahili kilikuwa sauti ya kambi na vizuizi vya barabarani. Katiba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005 kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili, lakini masikio ya watu hayafanyiwi marekebisho bungeni. Mama mwenye nyumba yangu, ajuza mjane ambaye kijiji kizima humwita Jaja, alinisikiliza nikijieleza kwa Kiswahili changu cha shuleni hadi mwisho, kisha akauliza, "Mwalimu, lugha hii umeitoa wapi? Wewe si mwanajeshi?" Nilipomjibu kwamba nimekulia Bombo, mji wenye kambi kubwa ya jeshi, mashaka yake yaliongezeka badala ya kupungua. Aliyeniokoa ni mwenyekiti, aliyemwambia kwa Kiganda kwamba amekwisha kuiona barua yangu.

Baada ya hapo Jaja aliniuliza mambo ambayo hakuna dalali wa mjini angeniuliza: kama ninapikia mkaa ndani ya chumba, kama wageni wangu hulala, kama nitafuga kuku, na kama ninakunywa pombe. Naye ana haki ya kuuliza, kwa sababu tunatumia ua mmoja na choo kimoja.

Nyumba yenyewe ikague wakati wa mvua ukiweza, ama mvua za Machi hadi Mei ama zile za kuanzia Septemba. Kuta za matofali ya kuchoma zilizopakwa lipu zinaficha mengi, lakini haziwezi kuficha mstari wa unyevu chini karibu na sakafu, wala njia za mchwa zinazopanda kuelekea kwenye miimo ya milango. Funga mlango na madirisha, usimame gizani, utazame juu: kila tundu la msumari lililolegea litaonekana kama nyota, na usiku wa mvua utajua idadi yake kwa sufuria. Kama kuna dari, nusa, kwa sababu harufu ya popo haiondoki kwa dawa yoyote ninayoijua. Choo cha shimo kitazame kwa tochi, uone kina kilichobaki na uimara wa sakafu yake, na uulize ni familia ngapi zina ufunguo. Hili la ufunguo ni zito kuliko linavyosikika, maana nyumba yenye ufunguo mmoja wa choo unaokaa kwa jirani anayelala mapema ni nyumba ya mateso.

Kuhusu maji, usiridhike na kuambiwa kwamba tangi lipo. Mabati ni ya mwenye nyumba, mifereji ni yake, na kwa desturi mvua inayoingia tangini pia ni yake mpaka mpatane vinginevyo. Jaja na mimi tulipatana kwamba madumu mawili ya lita 20 kwa siku ni yangu, na wakati wa kiangazi ninanunua kwa kijana wa bodaboda kama watu wote. Umeme ni mada fupi: palipo na nyaya, mita ya Yaka, ile ya kulipia kabla ya kutumia, huwa moja kwa vyumba vyote na kila mpangaji huchangia, na ugomvi wote huanza kwa mwenye pasi. Pasipo na nyaya kuna sola, na sola ya vijijini huwasha taa na kuchaji simu, basi.

Sasa ndiyo tunafika kwenye fedha. Wenye nyumba wengi wa vijijini hawataki pango la mwezi mmoja mmoja. Wanataka la miezi mitatu au sita, na wanalitaka Februari, mwishoni mwa Mei au Septemba, yaani shule zinapofunguliwa na karo inapodaiwa. Mpangaji anayejua kalenda hii hupatana vizuri. Ukienda na fedha taslimu juma moja kabla ya muhula, utapunguziwa. Ukienda katikati ya msimu wa kahawa, wakati kila mtu ana fedha, hutapunguziwa chochote. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inataka mapatano yenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi yawe ya maandishi, inazuia pango kupandishwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na inakataza kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama. Pango la mwezi la kijijini liko mbali sana na kiasi hicho, kwa hiyo watu hupatana kwa mdomo, na wengine huogopa karatasi kwa kudhani itaifikia Mamlaka ya Mapato. Kwa mtu binafsi, kodi ya mapato ya pango huanza kutozwa pale pato la mwaka linapozidi shilingi 2,820,000, na chumba kimoja cha Jaja hakitafika huko. Nilimweleza hivyo, tukaandika katika daftari la shule nakala mbili, yeye akaweka dole gumba, mimi saini, mwenyekiti mhuri wake wa kopo la biskuti. Pango nalituma kwa simu, na ujumbe wa malipo siufuti.

Utasikia pia bei zikitajwa kwa shilingi ya Tanzania, ambayo ina thamani kubwa kuliko yetu. Hakikisheni mnazungumzia shilingi ya nchi moja.

Liko jambo ambalo linakipa kijiji cha mpakani sura yake, nalo ni stoo. Chumba kisicho na mtu karibu na njia ya panya kina thamani kubwa kwa mwenye magunia kuliko kwa mwalimu, iwe ni mchele, sukari au kahawa ya Kagera inayovushwa usiku pale bei ya Uganda inapokuwa nzuri zaidi. Kwa hiyo usishangae ukinyimwa chumba kizuri kilicho wazi, na uwe macho zaidi ukipewa nyumba ya vyumba viwili kwa bei ya kimoja. Atakuja mtu mpole, pengine jamaa wa mwenye nyumba, akuombe umhifadhie mizigo yake mpaka asubuhi. Mkatalie kwa upole ule ule, na umkatalie mara ya kwanza, kwa sababu mara ya pili haitakuwa ombi. Maofisa wa mapato wakifungua mlango, mwenye magunia atakuwa ng'ambo, mwenye nyumba atasema amepangisha, na jina lililo katika daftari la mwenyekiti ni lako.

La mwisho linahusu kiwanja. Nyumba nyingi za huku hupangishwa pamoja na kipande cha ardhi nyuma, na kwa mshahara wa mwalimu kipande hicho ni msaada wa kweli. Panda mahindi, maharage, dodo (mchicha) na viazi vitamu, na katika mapatano yenu andikeni kwamba ukihamia shule nyingine kabla ya mavuno, mazao yako utayafuata au utafidiwa. Lakini usipande kahawa, mgomba wala mti wowote wa kudumu, hata kama mwenye nyumba mwenyewe anakuruhusu kwa mdomo. Katika nchi ya vibanja mmea wa kudumu ni dai la ardhi, na watoto wake watakapokuja kurithi hawatakuuliza kama ulipanda kwa ajili ya kivuli. Mimi niliomba kupanda parachichi moja tu karibu na jiko. Jaja alicheka, akaita mjukuu wake, akamwambia alipande yeye.